Kujipakulia takwimu: somo kwa wanaoandaa taarifa zao wenyewe kazini

Makala hii inaeleza jinsi wafanyakazi wa kawaida walivyopata uwezo wa kuchambua takwimu za makampuni yao bila kumsubiri mtaalamu. Inaeleza pia hatari iliyokuja pamoja na uwezo huo. Mnaweza kuisoma pamoja ofisini, kwenye chama cha ushirika au kwenye kikundi, kisha mkajadili maswali yaliyo mwishoni.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Makampuni mengi ya leo yana daftari, tena kubwa sana. Kila mauzo, kila malipo ya simu na kila gunia linalotoka ghalani huandikwa kwenye kompyuta. Kwa hiyo tatizo lao si kukosa daftari. Wanajiuliza nani aruhusiwe kulifungua, na akishalifungua, je, ataelewa anachokisoma?

Kwenye sherehe nyingi siku hizi chakula hupangwa mezani na kila mgeni hujipakulia. Hasubiri mtu amletee sahani. Jambo kama hilo limetokea kwa takwimu. Zipo zana za kompyuta zinazomwezesha mhasibu, meneja wa tawi au mtunza ghala kujipakulia takwimu, kuzipanga na kuchora chati yeye mwenyewe. Hilo ni jambo jema. Lakini anayejipakulia anapaswa kujua kilichomo ndani ya kila sufuria.

FOLENI KWENYE MLANGO WA WATAALAMU

Wazo la kutumia mashine kuwasaidia viongozi kufanya maamuzi si jipya. Mwaka 1958 Hans Peter Luhn, mtafiti wa kampuni ya IBM nchini Marekani, aliandika makala kuhusu mfumo ambao ungepokea nyaraka na kupeleka kila habari kwa mtu anayeihitaji. Aliuita mfumo wa intelijensia ya biashara. Mwaka 1989 Howard Dresner alilieneza tena jina hilo, safari hii likimaanisha njia zote za kugeuza takwimu kuwa msaada wa kufanya maamuzi.

Mwaka 1970 Edgar Codd, ambaye naye alikuwa IBM, alionyesha jinsi takwimu zinavyoweza kupangwa katika majedwali yanayohusiana. Muda si mrefu wenzake Donald Chamberlin na Raymond Boyce walitunga lugha ya kuyauliza majedwali hayo maswali. Lugha hiyo leo inaitwa SQL, na bado inatumika duniani kote. Tatizo ni kwamba wafanyakazi wengi hawaijui.

Ndiyo maana kwa miaka mingi kazi ilikwenda hivi. Meneja alitaka kujua ni bidhaa gani zimeuzwa zaidi mwezi uliopita. Alipeleka ombi idara ya kompyuta. Ombi lake lilipangwa nyuma ya maombi mengine. Taarifa ilipofika, mara nyingi ilizaa swali la pili, na meneja akarudi tena mwisho wa foleni. Katika miaka ya 1990 makampuni makubwa yalijenga maghala ya takwimu, yaani hifadhidata moja inayokusanya kumbukumbu kutoka idara zote. Ghala lilijaa, lakini funguo zake ziliendelea kushikwa na watu wachache.

ZANA ZILIVYOFIKA MIKONONI MWA WENGI

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Hizi ni baadhi ya hatua muhimu:

• 1979: Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, lahajedwali ya kwanza kwa kompyuta ndogo za mezani. Mtu alipobadilisha namba moja, namba zote zilizoitegemea zilibadilika zenyewe.

• 1983 na 1985: Lotus 1-2-3 ilitoka, kisha Excel ya Microsoft. Lahajedwali ikawa zana ya kawaida ya ofisini.

• 1993: Kampuni iliyotengeneza QlikView ilianzishwa mjini Lund, Sweden. Programu yake ilipakia takwimu kwenye kumbukumbu ya ndani ya kompyuta, hivyo majibu yalitoka haraka kila mtu alipobofya.

• 2003: Tableau ilianzishwa nchini Marekani, ikitokana na utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Stanford. Mtumiaji aliweza kuvuta jina la safu kwa kipanya, na chati ikajichora.

• 2015: Microsoft ilitoa Power BI kwa watumiaji wote. Programu yake ya kutengenezea taarifa kwenye kompyuta hutolewa bila malipo, na jambo hilo lilizifungulia mlango ofisi ndogo.

• 2019: Salesforce ilinunua Tableau kwa thamani ya dola za Marekani bilioni 15.7. Bei hiyo inaonyesha jinsi zana hizi zilivyokuwa zimekubalika.

Katika miaka ya karibuni zana hizi zimeongezewa akili bandia. Mtumiaji huandika swali kwa maneno ya kawaida, na kompyuta humpa jibu au chati. Hata sharti la kujua kuvuta safu limepungua.

ZANA HIZI HUFANYAJE KAZI?

Majina ya zana ni mengi, lakini hatua zake hufanana. Kuzijua kutakusaidia kutambua mahali kosa linapoweza kuingia.

1. Kuunganisha. Zana huchukua takwimu kutoka zinakokaa: hifadhidata ya mauzo, faili la lahajedwali au orodha ya malipo ya simu.

2. Kusafisha. Tarehe huwekwa katika mtindo mmoja. Mteja aliyeandikwa mara mbili huunganishwa. Mistari isiyokamilika hurekebishwa au huondolewa.

3. Kuhusisha. Jedwali la wateja huunganishwa na jedwali la malipo, kwa kawaida kwa kutumia namba ya mteja. Namba zikikosewa, malipo ya mtu mmoja huweza kuhesabiwa mara mbili au kupotea.

4. Kuhesabu. Mtumiaji hueleza anachotaka: jumla, wastani, asilimia au ongezeko.

5. Kuonyesha. Majibu hutolewa kama jedwali, chati au ramani. Kurasa zinazokusanya chati kadhaa pamoja huitwa dashibodi.

Watu wengi huona hatua ya tano tu. Chati ina rangi nzuri na mistari iliyonyooka, kwa hiyo wanaiamini. Lakini makosa mengi huwa yameshaingia katika hatua nne za mwanzo, ambako hakuna aliyekuwa akitazama.

MFANO WA KUJIFUNZIA: TAARIFA MBILI, KIKAO KIMOJA

Mfano huu ni wa kubuni, lakini wengi wetu tutautambua. Fikiria kampuni inayouza taa za sola kwa mkopo. Mteja hupewa taa na kulipa kidogo kidogo kwa simu. Kampuni ina matawi matatu: Mjini, Barabarani na Bondeni.

Kwenye kikao cha mwezi, meneja wa mauzo anaonyesha chati yake: "Tuna wateja hai 1,200." Mhasibu naye anafungua yake: "Hapana, ni 900." Wote wawili wametumia takwimu zilezile. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Kikao kinaanza kuwa na mvutano, na kila mmoja anahisi mwenzake anaficha jambo.

Baada ya kuulizana kwa utulivu, wanagundua tofauti yao. Meneja alimhesabu kila mtu aliyepewa taa na hajairudisha. Mhasibu alimhesabu kila mtu aliyelipa chochote ndani ya siku 30 zilizopita. Neno lilikuwa moja, "mteja hai", lakini maana zilikuwa mbili.

Wanakubaliana kutumia maana ya mhasibu, kisha wanagawa hesabu kwa matawi:

• Mjini: taa 600, waliolipa ndani ya siku 30 ni 540 (asilimia 90).
• Barabarani: taa 350, waliolipa ni 300 (asilimia 86).
• Bondeni: taa 250, waliolipa ni 60 (asilimia 24).

Sasa jambo linaonekana wazi. Bondeni hawalipi! Mjumbe mmoja anapendekeza tawi lifungwe na taa zikusanywe. Wengine wanatikisa kichwa kukubali. Chati haina mashaka hata kidogo.

Karani anayekwenda Bondeni kila mwezi anaomba kusema. Anaeleza kwamba watu wa kule ni wakulima wa mpunga. Fedha huingia baada ya mavuno, na wengi hulipa deni la miezi kadhaa kwa mara moja. Anaomba hesabu ifanywe kwa mwaka mzima. Mhasibu anabadilisha kipimo palepale kikaoni. Kati ya wateja 250, wateja 215 walikuwa wamelipa kiasi kilichotarajiwa kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 86, sawa na Barabarani.

Tazameni kilichokuwa karibu kutokea. Familia 190 zingenyang'anywa taa kwa sababu ya siku 30. Watoto wao wangerudi kusoma kwa kibatari. Kampuni nayo ingepoteza wateja waaminifu. Zana haikudanganya. Ilijibu kwa usahihi swali ambalo halikuwafaa watu wa Bondeni.

Bado wapo wateja 35 ambao kweli wako nyuma. Hao wanahitaji kufuatiliwa. Takwimu zikiulizwa vizuri zinatuonyesha pia mahali pa kupeleka nguvu zetu.

MAKOSA YALIYOJULIKANA DUNIANI

Tusidhani kwamba mambo haya huwapata wenye ofisi ndogo tu.

Mwaka 2012 benki ya JPMorgan Chase ya Marekani ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 6 kutokana na biashara iliyofanywa na ofisi yake ya London. Sababu zilikuwa nyingi. Lakini uchunguzi wa benki yenyewe, uliotolewa mwaka 2013, ulionyesha kwamba hesabu mpya ya kupima hatari ilifanywa kwa lahajedwali kadhaa, na takwimu zilihamishwa kwa mkono kutoka moja hadi nyingine. Mahali pamoja fomula iligawa kwa jumla ya namba mbili badala ya kugawa kwa wastani wake. Kosa hilo lilifanya hatari ionekane ndogo kuliko ilivyokuwa.

Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, mamlaka ya afya ya Uingereza ilikuwa ikikusanya majibu ya vipimo kwa kutumia faili za Excel za mtindo wa zamani. Faili la aina hiyo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Majibu yaliyozidi hayakuingia. Wagonjwa 15,841 waliachwa nje ya hesabu za kila siku kati ya Septemba 25 na Oktoba 2. Wagonjwa wenyewe walipata majibu yao, lakini kazi ya kuwatafuta watu waliokutana nao ilichelewa, na ugonjwa wa kuambukiza haumsubiri mtu.

Katika matukio yote mawili walikuwapo wataalamu, fedha na kompyuta nzuri. Kilichokosekana ni mtu wa kukagua hatua zilizo nyuma ya jibu.

KARIBU NA NYUMBANI

Wasomaji wanaofanya kazi katika vituo vya afya huenda wanaifahamu zana ya namna hii bila kuiita kwa jina hilo. Mfumo wa DHIS2 ulitokana na kazi iliyoanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990, na unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Hutolewa bila malipo. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania ikafuata miaka michache baadaye. Afisa wa wilaya anaweza kujitengenezea jedwali, chati au ramani kutokana na taarifa ambazo vituo huingiza kila mwezi.

Huko nako somo ni lilelile. Mara nyingine kiwango cha chanjo cha wilaya huonekana kuwa asilimia 110. Je, inawezekana kuchanja watoto wengi kuliko waliopo? Hapana. Huenda idadi ya watoto ilikadiriwa kuwa ndogo kuliko ilivyo kweli, au akina mama wa wilaya jirani wanaleta watoto wao kwa sababu kituo kiko karibu. Mtu aliye ofisini ataona kosa tu. Muuguzi wa kituo anaweza kujua sababu yake.

HATUA ZA KUFUATA

Kama ofisi yenu inaanza kutumia zana hizi, au mnatumia lahajedwali tu, hatua zifuatazo zitawasaidia.

• Anzeni na uamuzi. Kabla ya kufungua kompyuta, jiulizeni: tunataka kuamua nini? Chati isiyosaidia uamuzi wowote ni pambo.

• Andikeni maana za maneno. Tengenezeni ukurasa mmoja unaoeleza maana ya "mteja hai", "mauzo", "mkopo uliochelewa" na maneno mengine mnayoyatumia kila siku. Kila mtu atumie maana hizo. Mkibadilisha maana, andikeni tarehe.

• Kubalianeni chanzo kimoja. Faili likinakiliwa na watu watano, baada ya mwezi mtakuwa na ukweli wa aina tano. Chagueni mahali pamoja panapoaminika na mpeni mtu mmoja jukumu la kupatunza.

• Andikeni chini ya kila chati: takwimu zimetoka wapi, ni za tarehe gani, na nani ameachwa nje.

• Kagueni kwa mkono. Chagueni mistari kumi, mkaifuate hadi kwenye stakabadhi au daftari la awali. Hesabuni pia idadi ya mistari kabla na baada ya kuihamisha.

• Msiridhike na wastani. Gawanyeni hesabu kwa tawi, kwa msimu, kwa wanawake na wanaume. Wastani unaweza kuficha tawi zima.

• Mwonyesheni mtu wa mahali husika. Kabla taarifa haijafika kwa wakubwa, aisome kwanza mtu anayewafahamu watu wanaohesabiwa.

Mtaalamu wa kompyuta naye bado anahitajika. Kazi yake imebadilika. Badala ya kuandaa kila taarifa, anatunza ghala, anahakikisha takwimu ni safi, na anawafundisha wenzake kuuliza vizuri.

TUNZENI SIRI ZA WATU

Si kila sahani iko mezani kwa kila mtu. Takwimu za wateja huwa na majina, namba za simu, madeni na pengine habari za ugonjwa. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Tanzania ilitunga yake mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Mpeni kila mfanyakazi kile tu anachokihitaji kwa kazi yake. Mara nyingi jumla zinatosha, na majina yanaweza kuondolewa. Msitume faili la wateja kwenye kikundi cha simu, hata kama wote waliomo ni wafanyakazi.

ZOEZI

Gawanyikeni katika vikundi viwili. Kila kikundi kihesabu, bila kuongea na kingine, idadi ya "wanachama hai" wa chama au kikundi chenu kutoka kwenye daftari lilelile. Kisha linganisheni majibu. Kama yametofautiana, msitafute aliyekosea. Tafuteni maana ambayo kila kikundi kilitumia, na kubalianeni maana moja. Iandikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika ofisi yenu, nani anaweza kufungua takwimu, na nani husubiri kuambiwa? Je, mpango huo ni wa haki?

2. Je, mmewahi kufanya uamuzi kwa kufuata taarifa ambayo baadaye mligundua kuwa haikuwa kamili? Nani aliumia?

3. Katika mfano wa taa za sola, karani wa Bondeni aliomba kusema. Je, kwenye vikao vyenu mtu wa ngazi yake angesikilizwa chati ikiwa imeshawekwa ukutani? Mnaweza kufanya nini ili asikilizwe?

4. Ni watu gani katika eneo lenu ambao maisha yao hayafuati mwezi, kama vile wakulima, wavuvi au wafanyakazi wa msimu? Vipimo vyenu vinawatendea vipi?

5. Kompyuta ikikupa jibu kwa maneno mazuri ya kawaida, utalikaguaje kabla ya kulipeleka kwa wengine?